Pete Niliyosema Itashika

Karatu, Jumapili jioni

Mama Upendo, mke wangu,

Nakusalimu wewe na watoto na wote walioko hapo nyumbani. Kile kikohozi cha Upendo cha asubuhi kimeisha? Na huyu mdogo, ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu, ananyonya vizuri? Goti la mama linaendeleaje? Zamu yetu ya maji ya mfereji iliangukia siku gani, na nani alikusaidia kufungulia? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu kwenye simu hatupati nafasi. Ukishapanda kule juu kutafuta mtandao unakuwa na watu sita pembeni, kila mmoja anasubiri zamu yake na wote wanasikiliza. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii nimempa Petro, dereva wa gari la mizigo, akukabidhi wewe mwenyewe. Nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akidai ni ndugu.

Mimi ni mzima. Viganja vina malengelenge na mgongo unauma, lakini hiyo ni kazi tu.

Nianze na neno lenyewe, nisikuzungushe. Nilikuambia kwenye simu kwamba kazini wamezuia likizo yangu. Hawakuizuia. Bosi alinipa siku zangu zote ishirini na nane kabla wageni hawajaanza kujaa, kama alivyoahidi. Nilibeba begi, nikaenda Kansay, nikavuna maharage na mahindi ya watu wengine mpaka siku zikaisha. Kesho naingia kazini. Najua ulikuwa umeshaongea na mchungaji kuhusu ubatizo, na kaka yako alishajipanga kuja. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo uichome ukitaka.

Unakumbuka nilikwambia kwamba hapa loji, mbali na bustani, nimepewa kutunza baiskeli za wageni. Nilianza kwa kuziba pancha, nikaenda mpaka kunyoosha rimu na kubadilisha gololi. Siku moja nilipeleka fremu iliyopasuka kwa mchomeleaji mmoja hapa mjini anaitwa Bosko, mtu wa Mbulu, mkimya, mikono yote ina makovu ya cheche. Ukutani kwake ilining'inia baiskeli ambayo sijawahi kuiona. Ilikuwa nyembamba, haina keria, haina madigadi, haina breki, ina gia moja tu, na gia hiyo haina frii.

Nikueleze, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga inaendelea kwenda yenyewe na unasikia ile frii inalia tik tik tik. Hii haina hiyo. Gurudumu likizunguka pedeli zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unaikazia miguu, unaizuia pedeli isije. Mara ya kwanza kuipanda ilinirusha kama punda. Mara ya tatu sikutaka kushuka. Ukipanda kilima unahisi kila jiwe la barabara kwenye nyayo zako.

Wenyewe wanaziita fiksi. Vijana wa stendi wakisikia hivyo wanacheka, maana kwa lugha yao fiksi ni uongo. Tukipita wanapiga kelele, "Wale wanakuja na baiskeli za uongo!" Tulizoea. Tulikuwa wanne: mimi, Bosko, Mwalimu Elizabeti anayefundisha hesabu sekondari, na Safari, kijana wa Kansay mwenye miaka ishirini na sita. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunapanda mpaka Rhotia na kurudi, au tunaelekea upande wa geti la hifadhi, tunageuka kabla ya kufika. Magari ya watalii yanatupita, madereva wanapiga honi, wageni wanatoa simu kutupiga picha. Siku za kazi, jioni, tulikutana karakana kwa Bosko tukifungua na kufunga. Mwalimu alikuwa anahesabu meno ya gia na kutuandikia kwa chaki ukutani ipi itafaa milima yetu. Huwezi kuamini watu wazima wanaweza kubishana saa nzima juu ya jino moja la gia. Sikukuambia habari hizi kwa sababu nilijua utasema nimepata mchezo wa kitoto huku wewe umebeba mimba na ndoo. Ungekuwa na haki.

Safari ndiye alikuwa wa mwisho kupata baiskeli yake. Mpaka hapo alikuwa anaazima yetu. Alinunua fremu kuukuu huko Endabash, akaipaka rangi ya kijani mwenyewe, akaniletea niiunge. Alikuwa na haraka. Kuna kampuni ya kuongoza wageni kwa miguu kule nyanda za juu za Ngorongoro, kutoka Olmoti mpaka Empakai, ilikuwa imemkubali aanze mwezi wa sita kama msaidizi wa mwongozaji. Alikuwa ameisubiri kazi hiyo miaka mitatu. Akasema kabla hajaondoka anataka Jumapili hata tatu za kupanda baiskeli yake mwenyewe. Akasema pia breki nisiweke, zinaharibu sura. Sikumbishia, hata yangu haikuwa nayo.

Zinavyotengenezwa ni hivi. Tunaitoa ile frii, Bosko anaichomelea isizunguke peke yake, kisha naifunga kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa kuizungusha, kama kifuniko cha chupa. Ukikanyaga mbele inazidi kukaza. Ukikaza miguu kupunguza mwendo inataka kufunguka, kwa hiyo nje yake kunawekwa pete ya chuma ya kuizuia. Pete hiyo ndogo ndiyo inayokulinda.

Jumamosi ile nilikuwa nafunga pete ya Safari, na nikahisi mkononi kwamba haikazi. Niliitoa nikaitazama kwenye mwanga. Nyuzi zake za ndani zilikuwa zimeliwa. Nyingine sikuwa nayo, ingebidi niagize Arusha, isingefika kabla ya wiki. Safari alikuwa amesimama hapo na kofia mkononi. Mwalimu Elizabeti alikuwa ametoka kusema, "Huyu sasa tumwite Injinia," na wote walikuwa wamecheka vizuri, na mimi nilikuwa nimefurahi kuliko ninavyoweza kukueleza. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Safari akaniuliza, "Vipi, imekaa?"

Nikapaka gundi kidogo, nikaizungusha mpaka mwisho, nikasema, "Itashika."

Kesho yake tulirudi kutoka Rhotia. Unajua ule mteremko ulivyo, tulipita wote siku ile nilipokuleta kuiona Karatu. Safari alikuwa mbele yangu, hatua kama hamsini. Nikaona miguu yake inajaribu kukaza, halafu ghafla pedeli zikawa nyepesi, zikarudi nyuma bure kama mashine ya kusaga isiyo na mkanda. Akapiga kelele, "Haishiki! Haishiki!" Roli lilikuwa linapanda limejaa mifuko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kutoka barabarani, akaingia mtaroni kuliko kwenda uso kwa uso na lile roli. Nilipofika alikuwa amekaa, macho yakiwa wazi, anautazama mguu wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umepinda chini ya goti mahali pasipopinda.

Dereva wa watalii alisimama akatupeleka hospitali. Mguu ulivunjika mifupa yote miwili. Wakamfunga plasta na kumlaza.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki ndicho kilichoninyima usingizi kuliko hata ajali. Kila mtu alisema ni bahati mbaya, na mimi nikasema ni bahati mbaya. Jumatatu kaka yake Safari, anaitwa Paulo, akaenda karakana kwa Bosko. Alikuwa amesikia kwamba gia ilichomelewa, akaamini moja kwa moja kwamba kilichoachia ni uchomeleaji. Alisimama mlangoni mbele za wateja akasema, "Umemchomelea mdogo wangu takataka." Bosko alizima mashine. Mteja mmoja aliyekuja kuagiza geti akaondoka. Kesho yake habari ilishazunguka sokoni kwamba kazi za Bosko zinaachia, na Bosko mwenyewe aliamini. Nilimkuta amekaa kwenye kopo la rangi, mashine bado imezimwa.

Gurudumu lilikuwa kwangu. Nililitazama. Kazi ya Bosko ilikuwa nzima, haina hata ufa. Gia yote ilikuwa imejifungua ikaenda na pete yake. Nililijua hilo tangu mtaroni, Mama Upendo. Sikuwa na haja ya kutazama.

Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nilienda karakana nikaliweka gurudumu miguuni pake.

"Angalia kazi yako," nikamwambia. "Haijaachia."

Akaligeuza, akapitisha kidole. "Sasa ni nini?"

"Pete. Ilikuwa imeliwa. Niliiona Jumamosi."

Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Mwishoni akasema, "Siku mbili zote hizi nimekuwa nikikumbuka kila tone la moto nililoweka kwenye chuma kile." Akasimama akachukua koti. "Twende hospitali. Utasema wewe."

Tulimkuta mama yake Safari amekaa kando ya kitanda na kikapu mapajani, na Paulo amesimama dirishani. Nilimwamkia mama, nikaomba nafasi ya kusema, nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa.

Mama akaniuliza, "Hiyo pete mbovu uliiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mama."

"Ukamwambia nini mwanangu?"

"Nilimwambia itashika."

Akamgeukia Bosko, wakasema maneno kwa Kiiraqw. Yake yalikuwa marefu, ya Bosko yalikuwa mafupi. Baadaye nilimuuliza Bosko walisema nini. Akasema, "Aliuliza kama wewe ni kichaa au mlevi. Nikamwambia hapana, ni fundi."

Safari aligeuza uso ukutani. Paulo alitoka nje, naamini alitoka ili asinishike.

Mama akaweka kikapu chini. "Samahani yako sijui niiweke wapi," akasema. "Mwezi ujao maharage yatakuwa yamekauka na mahindi yanafuata. Paulo ana vitunguu vyake Mang'ola. Baba yao hayupo. Huyu ndiye angenivunia kabla hajaenda kwa wageni wake. Sasa huko kwa wageni haendi, na shambani haendi."

Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananitajia vilivyovunjika, kimoja baada ya kingine. Nikasema, "Nitavuna mimi. Nina likizo."

Nakuambia bila kuficha, wakati nasema sikukufikiria. Nilikufikiria nilipofika nje, getini, nikasimama hapo watu wananipita. Ningeweza kurudi ndani niseme kwamba kuna mtoto sijamwona. Sikurudi. Halafu nikakupigia simu nikasema kazini wamenizuia, kwa sababu ilikuwa rahisi umkasirikie bosi kuliko mimi.

Basi nilikwenda Kansay. Walinipa chumba cha stoo, pembeni ya mbuzi. Maharage kule yanang'olewa alfajiri, umande ukiwa bado upo, maana jua likishapanda maganda yanapasuka na punje zinamwagika. Kwetu tuna vile vishamba vya mferejini unavimaliza kwa asubuhi moja. Kule unainua kichwa na safu haina mwisho. Tuling'oa, tukaanika, tukapiga kwa fimbo juu ya turubai, kisha tukaingia kwenye mahindi. Punda wao mmoja ana tabia ya kulala chini na mzigo akifika kwenye korongo, na kila siku nilipakua magunia, nikamsimamisha, nikapakia upya. Mama yule wiki ya kwanza hakunisemesha zaidi ya "shika hapa" na "acha hilo". Chakula alinipa cha kutosha, na maziwa mgando kila jioni, lakini alikuwa anakiweka na kuondoka.

Safari aliletwa nyumbani wiki ya pili akiwa na magongo. Akawa anakaa barazani amenyoosha mguu, anapukuchua mahindi. Kazi ya Empakai walishampa mwingine. Hata hivyo alikuwa na kitabu chake cha ndege, na kila nilipokuja kumwaga gunia alikuwa anajisomea majina kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza, kama mtoto anayejiandaa na mtihani. Siku ya tatu akaongea na mimi.

"Kwa nini hukusema tu kwamba imeliwa?"

Nikasema sijui.

"Unajua. Sema."

"Mwalimu alikuwa ameniita Injinia."

Akanitazama. "Ningesubiri wiki moja," akasema. "Nimetembea kwa miguu miaka ishirini na sita. Ningeshindwa wiki moja?"

Nilikaa chini nikapukuchua naye mpaka mahindi ya lile gunia yakaisha. Kuanzia hapo alikuwa ananishikisha kitabu nimuulize majina ya ndege. Sisemi amenisamehe. Nasema tulikuwa tunaongea.

Siku nyingine mama alikuwa anapepeta maharage, akaniuliza ghafla kama nina watoto.

"Wawili. Wa pili ana miezi minne, bado sijamwona."

Mkono wake ukasimama na ungo juu. "Na hii likizo ndiyo ungekwenda kumwona?"

"Ndiyo, mama."

Alikasirika kuliko siku ile ya hospitali. Aliutua ungo kwa nguvu, maharage yakaruka. "Kwa hiyo umelivunja hili, ukaja kulitengeneza kwa kuvunja lingine! Nani alikutuma? Kesho asubuhi uondoke."

Nilipiga hesabu ya njia, kushuka Mto wa Mbu, kusubiri gari la Engaresero, kupanda huko kwetu, na mahindi nusu yakiwa bado yamesimama na ng'ombe wa jirani wameshaanza kuingia. Nikamwambia nitamaliza kwanza.

"Mkeo anajua uko hapa?"

"Anajua niko kazini."

Aliokota maharage yaliyoruka, moja moja. Kisha akasema, "Mahindi umalize, maana umeshayaanza. Lakini umwandikie. Usipomwandikia huyo mwanamke kila kitu, usikanyage tena hapa hata kunisalimia."

Kwa hiyo ujue, barua hii sikuiandika kwa ujasiri wangu. Nimesukumwa. Kile kiroba cha maharage alichonacho Petro ni chako, kimetoka kwa huyo mama. Amesema ni cha mzazi na nisikuambie ni malipo ya kitu chochote.

Juzi tulimaliza, magunia yote yakaingia ghalani. Paulo alikuja kutoka Mang'ola kuyahesabu, akanipa mkono, akaenda zake. Bosko amerudi kwenye mashine, na Paulo alipitia kwake akamwomba radhi mbele za watu, mlangoni pale pale. Baiskeli zetu zote sasa zina breki ya mbele, mbaya au nzuri kwa sura. Pete hazifungwi na mtu mmoja. Mimi nikifunga, Mwalimu au Bosko anaijaribu kwa spana yake, na asiporidhika haitoki karakana. Mwalimu haniiti tena Injinia, ananiita kwa jina langu, na nimeona ni afadhali. Ile ya kijani bado iko kwa Bosko. Safari anataka nimwekee breki na pete mpya, akasema ataikaza mwenyewe. Mama yake anasema siku baiskeli ile ikiingia uani ataikata kwa shoka. Sijui nani atashinda. Daktari amesema mguu utapona, ila hakuahidi kwamba utapanda milima kama zamani.

Nimeongea na bosi. Mwezi wa kumi na moja, wageni wakipungua, atanipa siku tano. Zikitoka za njiani zinabaki siku mbili za kukaa nanyi. Ni chache, ninajua. Kuhusu ubatizo, usiahirishe kwa ajili yangu. Au ahirisha. Uamue wewe, mimi nimeshaamua vya kutosha bila kukuuliza. Kama mtabatiza kabla, kaka yako asimame mahali pangu, na jina liwe lile unalolitaka wewe.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya goti nitaituma na gari lijalo. Nisalimie kaka yako na umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapofanya hivyo mwenyewe. Mdogo wangu wa mwisho, anayechunga mbuzi zetu, mwambie nimemkumbuka, na mizinga ya nyuki ya kule juu aikague kabla ya baridi kwisha. Shangazi wa ng'ambo ya mfereji naye nimsahau vipi, msalimie. Mbusu Upendo. Yule mwingine mbebe tu, umwambie ametoka kwangu.

Na ukinijibu, usiniandikie kwamba umeyapokea kama hujayapokea. Kama umekasirika, andika umekasirika, nitasoma. Usimtume Petro aje aniambie kwamba nyumbani ni salama.

Ni mimi mumeo,
Baba Upendo, na baba wa huyo ambaye hajaniona.